Nimeangalia muvi ya zimamoto nikalia. Wanaoijua hii kazi naombeni mnijibu, kwanini gari huwa linakuja "halina maji"?

Ngosha wa Mabatini

Wakuu mwangaluka, poleni na majukumu.

Jumamosi nilikua kibanda umiza hapa kwetu Mabatini tumeenda kucheki mpira, umeme ukakata kipindi cha pili, kuja kurudi mechi imeshaisha, mwenye banda akaona watu wasije wakaanza kudai hela zao akatuwekea muvi ya Kikorea ya mwaka 2024 inayohusu askari wa zimamoto. Wengi waliondoka, nikabaki mimi na wazee kama watatu ivi. Aisee nimeangalia mpaka mwisho na nimelia, sioni aibu kusema.

Ni kisa cha kweli, moto wa mtaa wa Hongje pale Seoul, alfajiri ya tarehe 4 Machi 2001. Magari ya zimamoto yamefika lakini kichochoro kimejaa magari ya watu yamepakiwa hovyo, hayapiti, jamaa wanashuka wanaburuza mipira kwa mikono. Nguo walizovaa ni makoti ya kuzuia maji tu, sio ya kuzuia moto. Wakatoa watu, alafu mama mwenye nyumba anapiga kelele mwanangu yupo ndani, mwanangu yupo ndani, wakarudi kumtafuta, nyumba ikawaangukia. Askari 6 wakafa. Na yule kijana hakuwemo ndani, alishatoka kitambo, na ndio yeye aliyewasha huo moto.

Sasa kilichoniliza sio muvi peke yake. Mwaka juzi kulitokea moto huku kwetu juu. Mnaoijua Mwanza mnajua nyumba za kilimani zilivyokaa, wewe umejenga juu ya jiwe, jirani kajenga juu ya jiwe linalofuata, njia zenyewe ni ngazi za kuchonga na vichochoro ambavyo ukibeba ndoo hupishani na mtu. Gari likaishia kule chini barabarani maana halina pa kupita. Tukaanza kuzomea. Mmechelewa, mmekuja kufanya nini, gari halina maji, wengine wakarusha mawe, na mimi nilikua palepale napiga kelele na wenzangu. Akapanda askari mmoja kijana mdogo tu kabeba mpira begani, akashuka, akapanda tena. Moto unakuja kuzimika vyumba viwili vimeshaenda. Yule kijana akakaa kwenye jiwe, akavua buti la kushoto akaliinamisha likamwaga maji, alafu akauliza kwa sauti ya chini, "jamani nani ana maji ya kunywa?" Kuna mtu akamjibu si mmekuja na gari la maji. Watu wakacheka. Hakuna aliyempa. Ndoo yangu ya maji ya kunywa ilikuepo kama hatua kumi kutoka pale alipokaa, imefunikwa vizuri na kikombe juu, na sikuinuka.

Tangu Jumamosi namuwaza yule kijana.

Kwahiyo naombeni wanaojua. Hili la gari kutokua na maji likoje, ni kweli wanatoka bila maji? Maisha yao yapo kama nilivyoona kwenye muvi? Na kwanini sisi hatuna muvi yetu inayowahusu, wakati polisi na majambazi tumeshaigiza mpaka tumechoka.

Mama Kulwa

Daah nimesoma hapo kwenye kikombe nimenyamaza kabisa. Ngoja waje wataalam, mimi nimekaa kusoma.

Mzee wa Hozi

Ngosha mwanangu, marahaba hata kama hujanisalimia. Mimi nimefanya hiyo kazi miaka 27, nilianza enzi hizo zimamoto ipo chini ya halmashauri, bado sheria ya 2007 haijatutoa huko ikatufanya jeshi chini ya Mambo ya Ndani. Nimestaafu sasa nalima mpunga kidogo. Sijawahi kuandika humu ila leo umenigusa.

Nianze na maji. Hilo neno "halina maji" nimelisikia maisha yangu yote, nimewahi kulisikia nikiwa nimeshika hozi inayotoa maji. Piga hesabu na mimi. Chukua gari lenye tenki la lita 5000, na hilo ni gari zuri. Hozi moja ikimwaga lita 450 kwa dakika, ndani ya dakika 11 tenki limekauka. Ukifungua hozi mbili, dakika tano na nusu tu basi. Mtu aliyefika dakika ya sita anatukuta tumesimama, mipira imelala chini, dereva anawasha gari aende kujaza, anasema hawa wamekuja bila maji. Hajatuona tulipokua tunamwaga. Pembeni ya barabara zinatakiwa ziwepo haidranti, yani yale mabomba maalum ya maji ya zimamoto, tujazie palepale, lakini miji yetu inakua kuliko mabomba, na zile chache unakuta mtu kaweka kibanda cha chipsi juu yake au imefukiwa na kifusi au inatoa upepo. Basi unaenda kujaza mbali, huku nyuma nyumba ya mtu inaungua na wewe dereva unaijua sura ya mwenye nyumba maana umetoka kumuona analia. Hiyo safari ya kwenda kujaza maji ndio ndefu kuliko zote duniani.

Sasa njoo kwenye mlima wenu. Mpira mmoja ni mita 25, ule mnene wa milimita 70 ukijaa unabeba kama lita 96, yani karibu kilo mia za maji peke yake. Kutoka barabarani mpaka juu kwenu tuseme mipira 8. Zidisha uone, zaidi ya lita 760 zinalala ndani ya mpira kabla hata tone moja halijagusa moto. Alafu maji kupanda sio bure, kila mita 10 za kwenda juu unapoteza baa moja ya presha. Pampu inasukuma baa 8, nyumba ipo mita 40 juu, nne zimeliwa na mlima, nyingine zinaliwa na urefu wa mpira na zile kona za mawe, anayeshika bomba kule mwisho anapata maji ya kunawia. Nyie mnaona mchirizi wa maji unatoka kivivu mnasema hawa hawana nguvu, na wengine wameshakanyaga mpira bila kujua.

Huyo kijana kubeba mpira akapanda akashuka akapanda tena, mimi namuelewa. Mara ya kwanza alipeleka mpira, mara ya pili aliufata mwingine wa kuunga. Na kama alikua na mtungi mgongoni hapo ongeza kilo kama kumi na kitu. Ule mtungi watu wanaita oksijeni lakini ni hewa ya kawaida tu imeshindiliwa. Wanasema wa dakika 30, ila ukipanda kilima na mzigo unahema kwa nguvu, hazifiki 20. Ukikaribia kuisha unapiga filimbi wenyewe. Nimestaafu mwaka wa nne huu, mjukuu akipuliza filimbi uani moyo bado unanilipuka.

Kuhusu nguo za Wakorea siwezi kuwacheka, koti zito zuri la tabaka tatu nililivaa nikiwa nimeshakua mtu mzima. Ujana wangu niliingia kwenye moshi na kitambaa kilicholoweshwa, tukiona ndio uanaume. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Wenzangu kadhaa nimewazika, kifua, kibofu, na hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba ni moshi wa magodoro ya watu.

Maji ya kunywa usijilaumu sana. Lakini ni kweli kabisa ukitoka kwenye moto kitu unachokitaka sio asante, ni maji.

Machinga Mkongwe

Mzee shikamoo, heshima yako nakupa yote. Ila jamani msije mkatugeuzia kibao sisi wananchi kwamba ndio wabaya. Mimi soko liliniunguzia kila kitu, mji siutaji, mitumba marobota manne nilikua nimeyafungua wiki hiyohiyo, mtaji wa kikoba, bima sina. Tulipiga simu, tukapiga tena, gari linafika tunatembea juu ya majivu, yani viatu vinaungua. Wakati huo ukiniambia habari ya baa na lita nakuona unanitania. Hasira inatoka wapi? Inatoka hapo. Muvi ikitengenezwa iwe na mimi ndani yake pia, nimesimama nimeshika kofuli la kibanda ambacho hakipo.

Mzee wa Hozi

Marahaba mwanangu na pole sana. Hujakosea kukasirika hata kidogo. Mimi ningekua wewe ningelia na kutukana. Ninachoomba ni moja tu, hasira ifike mahali pake. Soko limejengwa mabanda yamebanana hakuna upenyo hata wa toroli, umeme umeungwa waya juu ya waya, haidranti hakuna, gari moja linategemewa na mji mzima na pengine wilaya ya jirani. Hayo yote yanaamuliwa na watu waliokaa mezani mchana kweupe. Usiku anayekuja kusimama mbele yako ni konstebo wa miaka 24, hakupanga soko, hakununua gari, na jiwe linampata yeye.

Hilo la simu nalo niliseme. Namba ni 114, bure, mtandao wowote. Ila mpokeaji kwa siku anapokea za watoto wanaocheza, za wanaoomba salio, za wanaotukana, katikati yake ipo ya kweli, inasema "njooni haraka kunaungua" alafu inakata. Kunaungua wapi? Taja mtaa, taja kanisa au msikiti au shule iliyo karibu, mtume mtu wa bodaboda asimame barabara kubwa alipokee gari. Dakika tano zinapatikana hapo.

Binti wa Sajenti

Nilikua nasoma tu ila naomba niseme kidogo maana baba yangu yupo kazini mpaka leo, sitaji kituo.

Kwenye muvi wanaonesha moto tu. Watu wanasahau jina ni Zimamoto NA UOKOAJI. Siku nyingi baba anazoitwa sio moto. Ni kisima, ni choo cha shimo kimetitia, ni mtu kapigwa na maji, ni dereva kabanwa kwenye gari. Nikiwa darasa la sita alirudi siku moja jioni hakuingia ndani, akakaa kwenye kizingiti cha mlango na sare zake zina matope ya rangi ya kijivu. Mama akamuuliza hakujibu. Akamwita mdogo wetu wa mwisho, alikua na miaka mitatu, akampakata akaweka pua yake kwenye nywele zake akakaa hivyo mpaka giza likaingia. Kesho yake kwa jirani ndio tukasikia kulikua na mtoto kisimani.

Hajawahi kutusimulia hata mara moja. Anachofanya ni hivi, tukienda kwa watu anakaa karibu na mlango, na kabla hajala anaenda jikoni kuangalia mpira wa gesi kama una nyufa na mtungi umekaa wapi, wenye nyumba wanaona mgeni gani huyu. Chakula anakula haraka haraka kama anafukuzwa. Nilipokua mdogo nilidhani baba wote wanakula hivyo.

Na mshahara jamani tuuache tu. Ila sare anazipiga pasi mwenyewe, hamwachii mtu.

Dagaa wa Mwaloni

Mimi ni mtu wa ziwani, napakia dagaa hapa Kirumba Mwaloni. Dada hapo juu kaongea jambo la uokoaji nimefurahi, maana muvi ya Mwanza bila ziwa itakua imekatwa nusu.

Sisi huku tunajua kuokoana toka zamani kabla ya sare. Mtumbwi ukipinduka anayefika wa kwanza ni mvuvi, kila mara, kwasababu ndio yupo karibu. Kumbukeni Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ile ndege ilivyoingia majini asubuhi kwenye mvua, ndani watu 43. Majaliwa Jackson kijana mvuvi akaenda na wenzake na mitumbwi, akausaidia mlango ufunguke kwa kasia. 24 wakapona, 19 wakafa, Mungu awarehemu. Maneno yalikua mengi sana siku ile watu wanauliza vikosi vipo wapi, kamba zipo wapi, boti zipo wapi. Alafu serikali ikaagiza yule kijana aajiriwe wapi? Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu waliishia kushangilia, mimi nilikaa nikawaza, kumbe kazi ni moja. Mvuvi mwenye kasia na askari mwenye hozi wote wanaingia mahali ambapo wenye akili zao wanatoka.

Ningetamani siku moja hawa askari waje huku mwaloni wakae na sisi, watufundishe kumtoa mtu maji tumboni vizuri na kumpa pumzi, maana wengi tunawabeba kichwa chini miguu juu na kuwazungusha, na sisi tuwaoneshe upepo wa ziwa unavyogeuka saa kumi jioni.

Mzee wa Hozi

Dagaa umenena. Na hiyo ya kumning'iniza mtu kichwa chini muache kuanzia leo, mlaze chali, fungua njia ya hewa, kama hapumui mpulizie na umkandamize kifua. Nitakueleza pembeni.

Kamera ya Isamilo

Nimo kwenye hizi kazi za filamu hapa Mwanza, ndogo ndogo tu. Ngosha umeuliza kwanini hatuna yetu. Jibu la haraka ni hela, moto wa kwenye kamera ni ghali na ni hatari, lazima uwe na nyumba ya kuchoma na gari la kuuzima. Lakini nimesoma huu uzi mara mbili na sidhani kama moto ndio unahitajika. Majengo ya kuungua Wakorea wameshafanya, tena muvi yao ilivyotoka walikua wanatenga won 119 kwa kila tiketi kuchangia hospitali ya askari wa zimamoto, 119 ndio 114 yao, wazo zuri sana lile.

Ya kwetu mimi naiona ianzie kwenye mpira unapanda mlima. Kamera iwe chini inaangalia juu, mawe, ngazi, watoto wamekaa juu ya jiwe wanatazama, nguo zimeanikwa, mtu mmoja na mzigo. Moto tusiuone kabisa, tusikie tu. Watu tuwaone sura. Alafu ile ya buti. Mkuu naomba ruhusa ya ile ya buti.

Na mzee nataka kujua, kwa siku ambayo hakuna tukio mnafanya nini kutwa nzima? Maana watu wanasema zimamoto wanalala tu na kucheza bao.

Mzee wa Hozi

Bao tunacheza, sikatai. Asubuhi mnakaguana, mnawasha gari, mnajaribu pampu, mnapima mitungi. Mipira iliyotumika jana inafuliwa kwa brashi na sabuni, inaning'inizwa ikauke, ukiikunja mbichi inaoza na siku ya siku inapasuka. Unaikunja, unaikunjua, unaikunja tena mpaka iwe inatoka bila fundo gizani. Mnaenda kukagua majengo, mashuleni, mabweni hasa, mabweni ndio yananinyima usingizi hata sasa, nondo madirishani na mlango mmoja. Basi ukitimiza hayo unakaa. Kule kukaa ndio kazi yenyewe, maana mwili umekaa lakini sikio halijakaa. Hata chooni unaenda na masikio mawili.

Machinga Mkongwe

Mzee nimekuelewa. Bado naumia lakini nimekuelewa.

Ngosha wa Mabatini

Wakuu nimerudi. Shikamoo mzee, nisamehe ya mwanzo. Kamera chukua tu hiyo ya buti, ila weka na ya kikombe usiniache.

Leo asubuhi nimepima njia yetu. Nilikua na kamba ya mita 25 nimeikata makusudi ifanane na mpira mmoja, nimeilaza kutoka barabarani mpaka nyumba ya mwisho juu kabisa, imeingia mara tisa na kipande. Tisa mzee, hukukosea sana. Sehemu mbili ni mbaya, pale kona ya bomba la maji kuna mawe ya msingi mtu kayamwaga tangu mwaka jana hajajenga, na pale juu kwenye banda la mkaa njia imebaki kama ya mbuzi. Nimeongea na balozi, kasema mwenye mawe yupo radhi yasogezwe, wa mkaa ataongea naye yeye. Nimeenda pia kule kituoni kuulizia yule kijana, sijui jina lake, nikaeleza tukio, wameniambia kahamishwa mkoa mwingine. Nimeacha namba yangu.

Jumapili tunaanza na yale mawe. Wa Mabatini mliomo humu mwenye sururu au toroli aje nayo.

Mzee wa Hozi

Saa ngapi? Nitoke huku na gari la alfajiri.

Ngosha wa Mabatini

Saa moja asubuhi mzee kabla jua halijawa kali. Ila wewe usibebe jiwe hata moja, utuoneshe tu gari lisimame wapi na mpira upite upande gani. Chai utakunywa kwangu.